Kabla hujaminya tyubu ya gundi

Karibu kila anayeanza kazi ya kukarabati vitu vya nyumbani huuliza gundi ipi ni kali kuliko zote. Swali hilo halimsaidii. Uliza kwanza kitu kimetengenezwa kwa nini, kisha uulize kikitumika kitavutwa au kitakunjwa vipi. Mguu wa kiti unatikiswa, soli ya kiatu inakunjwa kila hatua, kigae cha sakafuni kinakandamizwa tu. Usitegemee gundi moja kwa zote tatu.

Supagluu iko kila duka, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Kinachoigandisha ni unyevu, uliomo hewani na ulio juu ya kitu chenyewe, kwa hiyo kuianika juani ni kujisumbua. Dar es Salaam au Mombasa, tyubu ukiiacha wazi usiku, asubuhi huna gundi. Inafaa kwa vitu vidogo vigumu vilivyovunjika vikakutana bila pengo. Tone moja linatosha. Ukijaza, inachelewa kushika na kiungo kinakuwa dhaifu. Ikishakauka haipindi, ndiyo maana ndala iliyoungwa kwa supagluu haimalizi wiki. Usiifute kwa pamba: vikikutana huchemka ghafla na kuunguza ngozi. Vidole vikigandana usivivute kwa nguvu, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni.

Plastiki ndiyo inayowaumbua wengi. Geuza ndoo au beseni uangalie pembetatu ya mishale chini. Ukikuta 2 au 4, hiyo ni polithini. 5 ni polipropilini. Gundi za kawaida hazizishiki. Itaonekana imekamata, kisha utaibandua kwa ukucha. Wale mafundi wa mtaani wanaoziba ndoo kwa chuma cha moto wanajua wanachofanya, maana wanayeyusha plastiki ikashikana yenyewe. Wapelekee, wala si aibu. Mabomba nayo yana mkanganyiko wake: gundi ya PVC hulainisha ukuta wa bomba hadi viwili vikawa kimoja, lakini PPR, aina nyingine ya bomba la plastiki, huunganishwa kwa mashine ya joto, nyuzi 260 hivi. Ukiona mtu anapaka gundi kwenye PPR, andaa ndoo.

Kwa mbao tumia gundi nyeupe, na hapo kazi kubwa ni maandalizi. Kwangua gundi ya zamani yote hadi uone mbao, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya ile iliyokwisha kauka. Paka kiasi, unganisha, bana mpaka itokeze kidogo pembeni, ufute kwa kitambaa kibichi. Huna jiriwa? Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, uuzungushe ukiuvuta. Unabana vizuri hata mguu wa kiti wenye umbo la ajabu. Acha mpaka kesho. Kiungo kilichokaa vizuri hivi, mbao yenyewe inaweza kupasuka kabla yake. Ila gundi nyeupe ya kawaida haipendi maji, usiitumie kwa benchi la uani.

Gundi ya viatu inataka subira ya aina nyingine. Piga msasa pande zote mbili, paka zote mbili, subiri dakika kumi au zaidi mpaka ukigusa isinate kidoleni. Hapo ndipo unagandisha na kugonga kwa nyundo. Lenga vizuri, maana zikigusana hakuna kusogeza. Fungua dirisha pia, mvuke wake unalevya na unashika moto.

Kwa chuma, jiwe, au kitu chenye pengo, chukua ile ya tyubu mbili kama Araldite. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye boksi, mara nyingi sawa kwa sawa. Kuna imani kwamba ukiongeza kigumushi, ile tyubu inayoigandisha nyingine, itakauka haraka. Itabaki laini tu. Usizibie sufuria, joto la jiko litailegeza. Kikombe ulichokiunga nayo kiwekee kalamu, usinywee chai.

Mteja akikuharakisha kwa sababu boksi la gundi hiyo ya tyubu mbili limeandikwa dakika 5, mweleze kwamba huo ni muda wa kuanza kuwa ngumu. Nguvu kamili huja baada ya saa nyingi, kwa hiyo arudi kesho.