Vita ni vya droni, kukabana kwa nini?

SWALI: Mambo vipi mhariri. Miezi miwili ijayo naingia depo ya jeshi, karate nimecheza toka niko darasa la nne na mateke yangu watu wanayajua. Sasa jamaa aliyemaliza depo ananiambia eti kule nitakuwa nabingirishwa chini tu. Kwani siku hizi si vita vya droni na bunduki, hayo ya kukabana ya nini? – Kuruti mtarajiwa

JIBU: Karate haijaenda bure, pumzi na wepesi utaenda navyo, ila jamaa yako hajakudanganya. Wewe vaa helmeti, fulana ya kuzuia risasi, begi mgongoni na bunduki kifuani halafu rusha hilo teke lako la juu tuone, utaanguka mwenyewe kabla adui hajakugusa. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilipoanza kusuka upya mafunzo haya kwa Rangers, makomandoo wake, mwaka 1995 lilianzia huko huko chini, kwa jiujitsu ya Brazili, mchezo wa kukabana mkiwa chini, sababu kuruti anaidaka haraka na mnaweza kukabana kwa nguvu zote bila kuvunjana. Ukizidiwa unamgonga mwenzio kiganja mara mbili tatu, anaachia hapo hapo. Wababe ndo huchelewa kugonga kwa aibu, wanakuja kuzinduka wameshazungukwa na kombania nzima.

Droni haiingii kukutolea mtu aliyedaka mtutu wako kwenye ngazi au handaki. Singe, kile kisu cha kwenye mtutu, jeshi hilo hilo la Wamarekani waliiondoa kwenye mafunzo ya awali mwaka 2010, lakini kukabana wameendelea nako. Na kuua kwa pigo moja hayo ya kwenye muvi, wewe kazi yako silaha isitoke mkononi, usigande, pambana tu mpaka mwenzio afike na silaha yake.

Kuna depo utapewa fimbo yenye mito ncha zote mbili, kofia na kinga ya meno, filimbi ikilia mnachapana sekunde chache tu ila mikono inakuwa mizito utadhani umetoka kulima. Hapo mkufunzi hana habari na nani kapigwa, anamtafuta aliyefumba macho akarudi nyuma.

Hiyo miezi miwili tafuta judo au mieleka, kata kucha, na kama bega lilishawahi kuchomoka sema mapema, usingoje lichomoke tena ukiwa umelaliwa na mtu wa kilo 90.