Kabla ya kurudishia bati, panda na bisibisi

Masika ile upepo uliondoka na mabati sita ya upande wa jikoni, nyumbani kwetu Kigamboni. Asubuhi tukayakuta kwenye minazi ya jirani, mawili yamekunjika kama bahasha. Fundi alipanda, akashuka baada ya dakika kumi. "Bosi, hii kazi ndogo. Lete bati sita na misumari." Nami nilitaka kusikia hivyohivyo, maana ada za watoto zilikuwa zinanisubiri.

Mwaka uliofuata yaling'oka manane, yakiwemo yale mapya. Tukarudishia tena. Safari ya tatu nilipanda mwenyewe, na nikaona aibu. Misumari ya zamani, iliyoliwa na chumvi ya bahari, ilichomoka kwa vidole. Nikachoma papi, ule ubao unaopigiliwa bati, kwa bisibisi: ikazama mpaka mpini, ikatoka na unga wa mchwa. Kumbe mabati yangu mapya tulikuwa tunayapigilia kwenye mkate.

Kwa hiyo siku hizi ndugu akinipigia kwamba upepo umemwezulia, namwambia aache kuhesabu mabati yaliyoondoka, akague yaliyobaki. Aingie darini saa saba mchana (akanyage kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, siyo siling bodi, tafadhali). Vitundu vya mwanga viwili vitatu havimtishi mtu; vikiwa vingi kama nyota, bati limekwisha. Achome kila papi, hasa za pembezoni, maana upepo huanzia huko kufunua. Kisha atoke nje, asimame mbali, atazame mstari wa kofia, kule juu pande mbili za paa zinapokutana. Ukiwa umebonyea, kenchi zimehama, na hapo kiraka ni kutupa hela.

Sisemi kila paa liezuliwe. Dada yangu wa Morogoro aliondokewa na mabati manne ya barazani, mbao zake ngumu, misumari inang'ang'ania. Nilimwambia arudishie tu, ila apeleke dukani kipande cha bati la zamani. Migongo isipolaliana, maji hupita katikati. Mimi nilijaza silikoni, jua likaipasua.

Kwangu tuliezua lote. Hapo ndipo tulipogundua kenchi zilikuwa zimekalishwa tu ukutani, hazijafungwa popote. Tukatoboa ukuta chini ya renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, tukazungusha waya mnene, tukazikaza moja moja. Mbao tulichukua zilizopigwa dawa, bati geji 28 badala ya 32. Namba ikipanda unene unapungua, na muuzaji hakuambii usipouliza. Kama hela haitoshi, maliza upande mmoja mzima kuanzia kofia hadi chini, ule mwingine usubiri.

Mabati ya zamani yaliyobaki na uhai nikaezekea banda la kuku. Masika iliyopita paa la nyumba halikutikisika. La banda tulilikuta kwenye minazi ileile.