Ukitaka kujiamini, omba jukumu

Wadau habari zenu. Kuna swali naulizwa sana na vijana wanaoanza kazi hapa Dar, hasa wale wapole wapole, kwamba mtu anafanyaje mpaka ajiamini mbele za watu, na wengi wanaouliza wameshaangalia klipu za kuhamasisha mpaka bando likaisha na bado kwenye kikao mdomo haufunguki. Jibu langu ni moja na nalitoa kwa uhakika maana ndo lililonijenga: utajiamini pale watu watakapokutegemea kwa kitu fulani ukakifanya, kesho wakakutegemea tena ukafanya tena. Kwa hiyo usikae unasubiri ujasiri uje kwanza, tafuta jukumu. Hata dogo.

Mimi nilianzia stoo ya spea za magari Kariakoo, kupokea mzigo, kuuhesabu na kuandika kwenye leja. Wengi hawaioni stoo kama sehemu ya kujifunza uongozi lakini kiukweli pale ndo pazuri, kwa sababu mtu wa stoo anajua kitu ambacho bosi hakijui, anajua nini kimebaki. Asubuhi kabla ya kikao nilikuwa napita kwenye shelfu na daftari, naangalia filta, breki padi, mikanda ya feni, halafu naingia kikaoni na sentensi moja tu iliyo tayari, "bosi, filta za Hilux zimebaki katoni tatu, kwa mauzo ya wiki hii Ijumaa hatuna kitu". Basi, nakaa. Hapo hata sauti ikitetemeka hakuna anayeisikiliza sauti, wote wanawaza Ijumaa itakuwaje. Ikafika mahali bosi hafungi kikao bila kuniuliza stoo inasemaje, na ukishakuwa mtu wa kuulizwa ule woga unapungua wenyewe. Kwa hiyo usiende kikaoni ukiwaza utaongeaje vizuri, nenda na taarifa ambayo wenzako wanaihitaji na iwe na namba ndani yake.

Sasa mazoezi. Wengi wanadhani mazoezi yanaleta kujiamini kwa sababu ya mwili kupendeza, na sipingi, ukiwa fiti unalala vizuri, stresi inashuka, hata kusimama unasimama tofauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano, hata kutembea kwa haraka kunahesabika. Lakini kwa hili la uongozi nakushauri ukimbie na watu, zile jogging klabu za mtaani, Temeke na Mbagala ziko nyingi sana, wikiendi alfajiri unawakuta na tisheti za sare wanaimba kama mchakamchaka wa shuleni. Kule ndani kuna kazi ambazo ukizifanya zinakubadilisha kabisa. Kuna mtu wa kushika bendera nyekundu, kundi likifika njia panda yeye anatangulia, anasimama katikati ya barabara na kuinyoosha ile bendera mbele ya daladala ambayo dereva wake ana haraka, na nyuma yake kuna watu wazima, wamama, watoto wadogo waliojiunga njiani, wote wanavuka kwa kumwamini yeye. Huwezi kuishika bendera kinyonge maana dereva hatasimama. Unamwangalia dereva usoni, mkono juu, unasubiri mpaka gari isimame kabisa ndo unaita watu. Mtu aliyefanya hivyo alfajiri, Jumatatu akiambiwa asimame aelezee ripoti, anasimama.

Halafu kuna anayeanzisha nyimbo. Huyu mara nyingi hakai mbele, anakimbia pembeni ili wa mbele na wa nyuma wote wamsikie, anatoa mstari mfupi wenzake wanaitikia, na akiona mkia umebaki nyuma anapunguza mwendo wa wimbo na kundi zima linapunguza bila kugombezwa. Nikisema uongozi namaanisha kitu kama hicho. Na kwa anayeanza, kuimba kunasaidia kujua spidi yako, ukishindwa hata kuitikia ujue umezidisha, tembea kidogo, halafu endelea. Kama una presha au moyo una historia muone daktari kwanza, hili silifanyii mzaha.

Kuna wakati wa kukaa mbele pia. Filbert Bayi wetu, tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, kwenye fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, wakati mazoea ya wengi kwenye mbio zile ni kujificha kwenye kundi na kuchomoka mwishoni. Alikuwa anaujua mwendo wake. Kazini pia, kama kitu unakijua kuliko wengine usingoje kila mtu amalize kuongea ndo useme.

Kuhusu koneksheni, jamani, watu wanahangaika na bizinesi kadi na LinkedIn wakati hapa kwetu watu wanajuana kwenye misiba, vikoba na kamati za harusi. Omba ukatibu wa kamati ya harusi. Utaandika ahadi za watu, utapiga simu kuzifuatilia kwa heshima, utasoma mahesabu kila kikao mbele ya watu ambao wana maduka, wana ofisi, wana magari ya mizigo, na wote wanakuona kwamba hela ikipita kwako inafika. Mtu anakupendekeza kazini kwake kwa sababu amekuona ukifanya kazi, kupeana namba peke yake hakutoshi. Ukipata namba isevu na mahali mlipokutana, kesho yake tuma meseji fupi ya kushukuru, na usianze na "naomba unisaidie kazi".

Ukishapewa uongozi wenyewe, shida kubwa ya kijana ni kuongoza waliomzidi umri. Mimi nilipokabidhiwa stoo nilikuwa na mzee mmoja chini yangu ambaye angeweza kunizaa, kila asubuhi shikamoo kwanza, kazi baadae, na mahesabu yakipishana namuita pembeni, "mzee wangu, hapa tuhesabu tena wote wawili". Hajawahi kunidharau hata siku moja, na mengi ya spea alinifundisha yeye.

Kama mtaani kwenu hakuna klabu anzeni hata wawili, wekeni lengo kama Kilimanjaro Marathon pale Moshi, ipo tangu 2003 na kuna kilomita 42, 21 na hata 5 kwa wanaoanza. Mkifika watu wa kujaza Coaster gaweni kazi mapema, huyu nauli, huyu malazi, huyu maji na dawa ya kuchua, na wewe uliyesoma hapa chukua daftari la michango, maana hilo ndo wengi wanalikimbia.