Swali la lugha: aliyesalimu amri amemsalimu nani?

"Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tano hapa Masasi. Darasani tumekutana na kitenzi cha Kiingereza 'knuckle under'. Mwenzangu kaandika 'kupigwa konzi', mimi nimeandika 'kusalimu amri'. Nani kapatia? Na mbona hapo hakuna aliyesalimiwa?"

Marahaba, mwanangu. Umepatia wewe. Konzi ya mwenzako naelewa ilikotoka: 'knuckle' ni kifundo cha kidole, na konzi hupigwa kwa vifundo hivyo hivyo. Ila vitenzi vya namna hii havifasiriwi kipande kipande. Maana yake ni kuacha kushindana na kufuata matakwa ya aliyekuzidi nguvu, moyo hautaki. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, alidhani asili ni desturi ya kugonga meza kwa upande wa chini, mtu anapokiri kushindwa katika mabishano. Wengine husema zamani neno hilo lilitaja hata kifundo cha goti. Mimi nawaelemea hawa, kwa sababu aliyeshindwa hata kwetu hupigishwa magoti. Usikichanganye na 'knuckle down', ambacho siku hizi ni kujifunga kibwebwe ukafanya kazi.

Sasa hiyo salamu. Katika 'kusalimu amri', salimu ni kukabidhi, maana iliyokuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu. Anayesalimu amri anaitoa amri yake mkononi na kumpa mwingine. Ndiyo maana 'kutii' hakutoshi hapa: mtoto humtii mama yake kwa mapenzi, wala hajashindwa na mtu. 'Kufyata mkia' kunakaribia, lakini kuna dharau ndani yake. Na kama ni ugomvi wa nyumbani, mmoja amechoka kubishana, sema tu 'alikubali yaishe'.

Mfano mzuri uko hapo hapo kwenu. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Wayao aliyekaa uwanda wa juu wa Makonde, alimwandikia kwa Kiswahili Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani aliyemtaka ajisalimishe. Alimjibu kwamba haoni sababu ya kumtii, heri afe. Kama ni urafiki, yuko tayari leo na siku zote. Kuwa raia wake, hapana. Wala hataanguka miguuni pake, kwani wote wawili ni viumbe wa Mungu. Barua hiyo kila nikiifikiria nasisimka. Hata alipozidiwa, miaka kadhaa baadaye, alikimbilia Msumbiji.

Kwa Kiingereza, yule unayesalimu amri kwake hutanguliwa na 'to'. Kwetu ni 'kwa' au 'mbele ya': Machemba hakusalimu amri kwa Wajerumani. Usiandike 'hakuwasalimu Wajerumani', maana hapo ndipo msomaji atakapoelewa kuwa aliwanyima salamu.