Bangi na akili: mvutaji apelekwe polisi au hospitali?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi naandika kutoka Newala, nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, bangi alianza akiwa kidato cha pili huko maskani na wenzake. Mwaka huu korosho zimeisha tu akabadilika, usiku halali, anacheka peke yake, anasema redio inamtaja jina. Mjomba wetu ndo mkubwa wa ukoo, anasema tumpeleke polisi akakae ndani atashika adabu, na ndo maana serikali imeipiga marufuku hiyo kitu, inachizisha watu. Kaka yetu aliyeko Mtwara mjini anabisha, eti ni majani tu, wazee wamevuta mpaka wamezeeka na akili zao na nchi nyingine wameshairuhusu. Nani mkweli hapo? Na hiyo hatari ya uchizi inatosha kweli kuwa sababu ya marufuku? (Dada Mtu, Newala)

JIBU: Pole sana dada yangu. Ubishi wa mjomba na kaka utasubiri, kwanza huyo kijana aende hospitali wiki hii hii. Anayesikia redio ikimtaja jina anaumwa, adabu haihusiki hapo. Anzeni hospitali ya wilaya hapo hapo Newala, wakiona ni kubwa watawapa rufaa ya Ligula, hospitali ya mkoa iliyoko Mtwara. Na mkifika kwa daktari semeni yote, alianza lini, anavuta mara ngapi kwa siku, anachanganya na nini, na kama kwenu kuna mtu aliwahi kuchanganyikiwa iwe upande wa mama au wa baba, maana familia nyingi zikifika pale zinaanza kumung'unya maneno mara malaria imempanda kichwani, mara karogwa, dawa anapewa ya kubahatisha.

Haya, tumpe mjomba haki yake kwanza. Bangi na kurukwa na akili vina uhusiano, hilo halina ubishi mkubwa tena. Sweden waliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 waliokuwa wanaingia jeshini, majibu yakatoka 1987, waliovuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuingia walipata skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, mara 6 kuliko ambao hawajawahi kugusa. New Zealand nako, watoto waliokuwa wameshaanza kufikia miaka 15, mmoja kati ya 10 alikuwa na dalili za ugonjwa huo alipofika 26, wenzao wasiovuta ilikuwa kama 3 kwa 100. Halafu 2019 ukatoka utafiti wa vituo 11 vya Ulaya na Brazili, mvutaji wa kila siku hatari yake ya kurukwa na akili ilikuwa kama mara 3 ya asiyevuta, na wa kila siku anayevuta ile kali yenye THC nyingi karibu mara 5. THC ndo kitu kinacholewesha kwenye bangi, na hiyo skanka mnayoisikia kwenye taarifa za Mamlaka ya dawa za kulevya iko kwenye kundi la hizo kali, kwa hiyo kaka akisema wazee walivuta namuuliza walivuta ipi. Tena hao wazee anaowaona barazani ni waliosalimika, waliochanganyikiwa hawapo barazani wa kumsimulia.

Ila kaka naye ana chake. Kwenye kundi lile lile la Sweden la wavutaji wazito, karibu 97 kati ya 100 hawakuugua skizofrenia. Na wengine kichwa kilishaanza kuwasumbua kabla, wakakimbilia bangi kutafuta utulivu, na wengine ugonjwa uko kwenye damu ya ukoo, bangi inakuja kuuamsha mapema. Ndo maana vijana watano wanavuta pamoja maskani, wanne wanaenda zao kulala na mmoja anabaki anaongea na ukuta. Huyo mmoja huwezi kumjua kwa kumwangalia usoni, ila mtoto wa shule, mvutaji wa kila siku na mwenye ndugu aliyewahi kuugua wana sababu kubwa zaidi ya kukaa nayo mbali.

Sasa marufuku. Bangi Tanzania imekatazwa, sheria tunayotumia ni ya 2015 na kabla yake ilikuwepo ya 1995, yani mdogo wako amezaliwa akaikuta marufuku ipo na bado akiwa kidato cha pili akapata msokoto, na aliyemuuzia hakumuuliza ana miaka mingapi. Uingereza 2004 waliishusha daraja kwenye orodha ya dawa za kulevya, adhabu ikapungua, 2009 wakaipandisha tena wakitaja afya ya akili, wakati kamati yao wenyewe ya wataalamu ilishauri iachwe kwenye daraja lile la chini, na katika ile miaka iliyoshushwa uvutaji haukupanda, uliendelea kushuka.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Mama akijua mwanae anaweza kuishia rumande, hamtoi nje. Anamfungia chumba cha nyuma, anaita mganga, miezi inapita na ugonjwa wa akili ukicheleweshwa unakuwa mgumu kutibu. Kwa hiyo unakuta hofu ya polisi inamuumiza yule yule tunayesema tunamlinda, na mjomba akimpeleka kituoni atarudi na kesi juu ya ugonjwa.

Lakini sisemi ifunguliwe maduka. Kanada waliruhusu 2018 na duka haliruhusiwi kumuuzia aliye chini ya miaka 18, majimbo mengine 19, Quebec 21, hilo zuri, ila muuzaji wa halali naye anataka mteja wa kila siku, na wa kila siku ndo huyo huyo anayeugua. Mimi nikiulizwa nasema hatari ya akili inatosha kuzuia biashara na kumbana anayewauzia watoto, haitoshi kumfunga mvutaji. Hayo ni maoni yangu, sheria iko pale pale, msije kumwambia askari kwamba gazeti limeruhusu.

Jambo la mwisho dada, akipata nafuu msifikiri yameisha. Denmark waliwafuatilia waliorukwa na akili kwa sababu ya bangi, karibu nusu baadaye walikutwa na skizofrenia au magonjwa ya jamii yake. Kliniki aendelee hata akionekana mzima na bangi asiiguse tena, hata puli moja.

SWALI: Mbona uraka na nipa, hizi pombe za mabibo ya korosho, hamsemi? Huku kwetu mabibo yakiiva kijiji kizima kimelewa, hakuna anayeambiwa kachizika. (Bodaboda, Lindi)

JIBU: Wanachizika sana tu, we hujafika wodini. Pombe inaua wengi zaidi ya bangi kwa mbali, na mlevi wa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kuanza kuona wadudu ukutani, kutetemeka mwili mzima, wengine degedege na kufa kabisa. Kwa hiyo kama una mtu asubuhi mikono inatetemeka mpaka apige glasi ya nipa, msimfungie ndani mkidhani mnamsaidia kuacha, mpelekeni hospitali aachishwe taratibu kwa dawa.