Muulize Nahodha: "Mashua yangu haibishi"

SWALI: Shikamoo Nahodha. Nimenunua mashua kuukuu ya futi 18 ya kubebea nazi kati ya Pangani na Tanga. Kusi ikivuma, kwenda Tanga nafika mapema bila taabu. Kurudi ndiko kwenye balaa. Nabisha kutwa, yaani naupanda upepo kwa kukata huku na huku, jioni bado naziona nyumba zile zile. Kana, mpini wa usukani, ni nzito mpaka bega linauma, na nikiilegeza kidogo tu omo, pua ya mashua, inakimbilia upepo. Nilidhani chombo kimezidiwa uzito, nikatoa magunia mawili ya farumi, uzito wa kukituliza chombo, yaliyokuwa tezini, sehemu ya nyuma, lakini ndiyo kwanza ikazidi. Aliyeniuzia anasema chombo hakina neno, tatizo ni mimi. Je, ni kweli?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wewe una lako, chombo kina lake, na bahari nayo ina lake. Naanza na bahari kwa sababu hiyo huwezi kuifanyia ukarabati.

Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi ndipo unapopata nguvu zaidi. Ukienda Tanga unabebwa, ukirudi unakwenda kinyume chake. Siku nyingine ukiwa unabisha, tafuta ufukweni vitu viwili vilivyopangana, tuseme mnazi mbele na paa la bati nyuma yake. Omo ikiwa inakata maji vizuri na paa bado limejificha nyuma ya mnazi ule ule, jua chombo kinakwenda lakini maji yanakirudisha.

Kwa hiyo ondoka alfajiri. Msimu wa kusi, alfajiri upepo hupenda kutokea upande wa bara, kusini-magharibi, na mchana huhamia kusini-mashariki. Tanga la mashua zetu, hata likikaa vizuri, halikaribii upepo zaidi ya digrii 60 hivi. Basi asubuhi elekeza omo kusini, ukitoka nje kidogo, na upepo ukihama geuza urudi ukielekea pwani. Siku ikikubali, unahamisha foromali, mti unaobeba tanga, mara moja tu safari nzima. Marehemu baba mdogo, aliyenifundisha kazi hii kijijini Mkwaja, alikuwa hanywi hata chai kabla nanga haijang'oka, na nilikuwa namwona mkali bure. Siku ambayo upepo hauhami, bisha vipande vifupi karibu na pwani, ndani ya miamba, maana huko mkondo umelegea.

Sasa hiyo kana. Tanga lina mahali linaposukumia, na mwili wa mashua una mahali unaposhikilia maji. Viwili hivyo vikikaribiana, chombo kinatulia. Tanga likisukumia nyuma ya pale mwili unaposhikilia, tezi inakwenda demanini, upepo unakoelekea, na omo inageukia joshini, unakotoka upepo. Ndiyo vita unayopigana na bega lako. Na usukani uliopindwa muda wote unakuwa kama ubao unaoburuzwa majini, unakula mwendo.

Ulipotoa yale magunia tezini, omo ilizama na tezi ikainuka. Mwili ukaanza kushikilia maji mbele zaidi, na tanga likabaki pale pale. Juu ya hapo chombo kilichopungukiwa farumi kinalala zaidi, na kikilala tanga linasukuma likiwa limening'inia nje juu ya maji. Fikiria mtu anayesukuma mkokoteni kwa kushika mpini mmoja tu: hauendi mbele, unazunguka. Rudisha magunia yote mawili. Yalaze nyuma kidogo ya katikati, chini kabisa ngamani, na uyafunge yasihame chombo kikilala.

Kisha shusha tanga, ulitandaze mchangani. Kwenye chombo kuukuu mara nyingi kitambaa kimevutika, na tumbo la tanga limehamia nyuma. Tanga la namna hiyo linalaza chombo kuliko linavyokivuta. Mpelekee fundi alipunguze tumbo. Ukilipandisha tena, sogeza ncha ya chini ya foromali mbele kwa shubiri moja, uifunge, uende baharini ukajaribu. Shubiri moja tu kwa siku. Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo hutajua lipi limekusaidia.

Lako wewe nalijua bila kukuona, kwa sababu na mimi nililifanya miaka: unakaza demani, kamba ya kuvutia tanga, kupita kiasi. Mtu akitaka kuukaribia upepo anavuta kamba mpaka tanga linakuwa kama ubao wa mlango. Mashua inalala, inapunguza mwendo, na ikipunguza mwendo inateleza kwenda ubavuni. Geuka utazame povu linalobaki nyuma ya tezi. Likinyooka na mkuku, uti wa chini wa chombo, uko sawa. Likitoka kwa pembe kuelekea joshini, chombo kinateleza. Hapo legeza demani mpaka ukingo wa mbele wa tanga uanze kutetemeka, kisha vuta kidogo, utetemeko ukome. Ishia hapo. Utasikia maji yanabadilika sauti chini ya omo.

Mambo yakikaa sawa, shika kana kwa vidole viwili. Ukiiachia, omo itapanda taratibu kuelekea upepo na chombo kitasimama. Usiuondoe mvuto huo mdogo. Siku ukiteleza ukaanguka baharini, ndio utakaokisimamisha chombo badala ya kukuacha.

SWALI: Nahodha, nikiweka tanga kubwa zaidi kwenye mashua yangu, itawashinda wenye ngalawa?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Upepo mdogo, huenda. Upepo ukishiba, hapana. Mashua yenye farumi inatengeneza wimbi lake na inakaa ndani ya wimbi hilo. Pima urefu wa mwili unaogusa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Yako ikigusa maji futi 16, kipeuo ni 4, jibu ni maili 5.4 za baharini kwa saa, karibu kilomita 10. Ukifika hapo, tanga la ziada linakulaza tu. Ngalawa ni nyembamba, haibebi farumi, inasimama kwa mirengu yake, zile mbao za pande zote mbili. Wimbi lake ni dogo na haliifungi. Fedha ya tanga ipeleke kwenye deheni, mchanganyiko wa kupaka chini ya chombo. Maji makubwa yajayo pandisha mashua, kwangua mwani wote na chaza walioganda, hasa kwenye usukani na pembeni mwa mkuku, upake upya. Hapo utaona tofauti siku hiyo hiyo.