Bagamoyo si ya kwenda na kurudi

Mkuu, umeuliza uende wapi na mke na watoto wawili, Ijumaa mpaka Jumapili, bila gari, penye historia na pasiwe mbali na Dar, maana Kigamboni mmeshaichoka. Wengi wamekutajia Bagamoyo, na mmoja kakuambia usilipie chumba, nusu siku inatosha. Mimi naunga mkono Bagamoyo, ila mlale. Tena usiku mbili.

Nimeshakwenda mara tatu kwa mtindo wa nusu siku. Asubuhi magofu, mchana Boma la Wajerumani, saa tisa chipsi kuku, saa kumi na moja tuko kwenye foleni Tegeta tunalaumiana. Picha ninazo. Lakini ungeniuliza ule mji watu wake wanakula nini, wanauza nini, nisingekuwa na jibu. Mara ya nne, Desemba, ndipo tukalala.

Costa za Bagamoyo panda Makumbusho. Ni kama kilomita 70, ila Ijumaa ukichelewa kutoka utadhani unakwenda Morogoro. Sisi tuliondoka saa nane mchana. Tafuteni chumba upande wa Dunda, karibu na Mji Mkongwe, ili asubuhi mtembee kwa miguu.

Jumamosi amkeni mapema muende soko la samaki, kabla ya kitu kingine chochote. Boti zinatua, ndoo zinapanda ufukweni vichwani na mabegani, na dalali anaanza kunadi hata hujajua kinachonadiwa ni nini. Nilijitia mjuaji nikauliza kilo bei gani. Mama mmoja mchuuzi akanitazama kwa huruma: "Baba, hapa ni ndoo, siyo kilo. Subiri nishinde mimi, nitakupa fungu." Akashinda ndoo ya vibua, akatukatia fungu letu, kisha akatupeleka kwa wenzake wanaokaanga. Makarai makubwa, kuni, moshi wa kutoa machozi. Nikauliza samaki wote wale wanakaangwa kwa ajili ya nani, mji wenyewe mdogo hivi? Akasema, "Wa bara hao." Nikalipuuza lile jibu mpaka kesho yake.

Kutoka hapo mitaa ya zamani yote ipo karibu: nyumba ya forodha, milango ya kuchonga, Boma. Msikimbilie kusoma vibao. Kumbukeni tu kwamba mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara. Pembe za ndovu zilitoka Ujiji na Tabora mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na watumwa wakiswagwa njia hiyohiyo. Vitambaa na shanga vikarudi bara. Jina la mji mtaelezwa kwa namna mbili: mpagazi aliyefika na kubwaga mzigo, moyo ukatulia, au mtumwa aliyeubwaga moyo wake hapa kwa kuwa mbele ni bahari tu. Mimi huwa siwaachi watoto wasikie moja bila ya pili.

Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868 na mapadri wa Roho Mtakatifu, ipeni saa mbili kamili. Makumbusho yake ni madogo ila yamepangwa vizuri. Kuna mnara ambamo mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Yeye alifia huko inakoitwa Zambia leo, Mei 1873. Fanya hesabu: miezi tisa watu wanabeba maiti kwa miguu! Watumishi wake Chuma na Susi wanatajwa, wenzao wengi wala. Mwanangu wa kwanza aliuliza kama walilipwa, nikakosa la kumjibu.

Sasa onyo. Tulirudi hotelini saa nane mchana watoto wameshavaa nguo za kuogelea, na bahari haipo. Maji yamekupwa, yamekwenda mbali kabisa, imebaki tope na kaa. Kilio kilichofuata nakihifadhi. Kwa hiyo ulizeni wavuvi saa za maji kujaa kabla ya kuahidi mtu chochote. Ila mkisimama pale mtaelewa jambo moja vizuri kuliko darasani: Wajerumani walianza na Bagamoyo kama makao makuu, mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwa sababu meli kubwa hapa hazisogei.

Na si mara ya kwanza bahari kuwafanyia hivyo watu wa pwani hii. Jioni chukueni bajaji mpaka Kaole, kama kilomita tano kusini. Kuna gofu la msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, na ilikuwa bandari hasa, mpaka mikoko ikaifunga na biashara ikasogea Bagamoyo. Mtembeza wageni atawapa hadithi za kisima na za mbuyu. Watoto watazipenda, ninyi itikieni tu. Chukueni na vitambulisho, kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni.

Jumapili ndiyo siku ambayo watu wa nusu siku hawaijui. Msibaki ufukweni. Pandeni gari Makofia, barabara ya Msata, mkashuke Kiwangwa kwenye mananasi. Njiani mtavuka Ruvu, ambao wazungu wa misafara waliuandika Kingani, na ulikuwa unawatesa kuuvuka kwa mitumbwi. Ninyi mtauvuka darajani mtoto hajamaliza kufungua biskuti. Kisha mashamba, na mananasi yamepangwa barabarani kama matofali. Mwenye shamba mmoja alituruhusu kuingia, akatukatia moja palepale. Vaeni suruali, majani yale yanachana.

Tulipotoka kutafuta chakula, kwenye meza ya mama lishe nikaona vibua vya kukaanga vimepangwa. Nikauliza vimetoka wapi. "Bagamoyo, vimekuja asubuhi." Nikamkumbuka yule mama wa sokoni. Samaki wanapanda bara, mananasi yanashuka pwani, na mimi mara tatu zote nilikuwa nikipiga picha kuta.

Kurudi, tulinunua kiroba kizima kwa tamaa. Kufika Mapinga mananasi ya chini yameshapondeka, maji matamu yanachuruzika mpaka kwenye viatu vya abiria wa mbele, na konda akasema kiroba kile kinalipa nauli ya mtu mzima. Nililipa. Ninyi nunueni sita, muyabebe mapajani.